Usiingie Relini Kabla ya Kuona Pa Kutokea

Jumanne iliyopita jioni nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa katika daladala, maeneo ya Tabata, foleni iliposimama ghafla nasi tukabaki juu ya reli. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka, ya nyuma bado. Mbele yetu palikuwa na lori, na nyuma yetu bajaji na bodaboda zimebanana hadi kwenye bampa. Treni haikuja. Baada ya muda lori lilisogea, tukaondoka, na konda akaendelea kudai nauli. Lakini mama aliyekaa kando yangu, amempakata mwanawe, muda wote ule aliitazama njia ya reli bila kupepesa macho, na sura yake haijanitoka hadi leo.

Tukizungumzia magari kugongwa na treni, lawama zote humwendea dereva aliyetaka kuiwahi. Anastahili, wala sina la kumtetea. Ninayemlalamikia mimi ni yule mwingine, asiye na haraka yoyote, ambaye anaifuata tu taa ya nyuma ya gari lililo mbele yake na kuingia relini kwa sababu foleni imesogea hatua mbili. Huyu hajioni kuwa mkosaji. Hata hivyo, amewaweka abiria wake mahali ambapo usalama wao haumo tena mikononi mwake, bali unategemea lori ambalo dereva wake hamfahamu.

Wako wanaosema kwamba treni ina honi na breki, kwa hiyo dereva wake akiona gari atasimama. Hawezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa wepesi, na wepesi huohuo unaokiwezesha kichwa kimoja kuvuta mabehewa mengi ndio unaoizuia treni kusimama upesi; treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa katika mwendo wake, inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inapita takribani mita 17 kila sekunde, na haina pa kukwepea. Dereva wake atapiga honi, atafunga breki, kisha atabaki kutazama. Naye ni binadamu, na atakayoyaona atarudi nayo nyumbani.

Haya hayajaanza leo. Mwezi Oktoba 2013, huko Nairobi, basi liligongana na treni ya abiria na watu zaidi ya 10 wakafariki. Mwezi Novemba 2023, Manyoni mkoani Singida, basi jingine liligongana na treni, na tukazika watu 13.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba makosa si ya madereva peke yao. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imejengewa vivuko vya juu na vya chini, hivyo magari hayakutani nayo kabisa, ilhali kwenye reli za zamani viko vivuko visivyo na geti wala taa, na vichaka vimeziba macho. Vifyekwe, na mageti yawekwe. Ila pale Tabata hapakuwa na kichaka kilichomzuia dereva wetu kuliona lori lililosimama mbele yake.

Ninachomwomba dereva ni kitu kimoja: asimame kabla ya reli, atazame pande zote mbili, na asiingize hata gurudumu la mbele mpaka aone upande wa pili nafasi inayolitosha gari lake lote. Aliye nyuma akipiga honi, na apige. Gari likizimika juu ya reli, kazi ya kwanza ni kuwashusha watu wote na kuwaondoa relini, na kama treni inaonekana, wakimbie kwa mshazari kuelekea upande inakotoka huku wakiiacha reli, kwa maana vipande vya gari lililogongwa hurushwa upande treni inakoelekea.

Mama yule alishuka kituo kilichofuata. Mtoto alikuwa amelala.