Siafu, Suruali na Mkia wa Kurumbiza

Kuna namna mbili za kuvua suruali msituni. Mtu mstaarabu hutafuta kichaka, akaketi juu ya gogo, akafungua kamba za viatu kwanza. Namna ya pili ndiyo niliyoitumia mimi katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi, Jumapili moja ya masika, katikati ya njia, mbele ya watu kumi na saba, wakiwemo mchungaji mstaafu, watoto wawili na shosho, yaani bibi, mmoja aliyekuja na leso begani.

Na kiongozi wa matembezi siku hiyo nilikuwa mimi.

Kundi letu ni la watu wa mjini wanaopenda ndege, vipepeo na miti. Tunakutana langoni saa moja asubuhi, upande wa Barabara ya Limuru. Ikifika saa nne jua limepanda, ndege wengi wamenyamaza, na njia zimejaa wakimbiaji na baiskeli. Mwendo wetu ni kilomita moja kwa saa. Ukizidisha hapo unafanya mazoezi, na kwa hayo hakuna haja ya kubeba darubini. Msitu una hekta zaidi ya elfu moja na makutano ya njia yamepewa namba, kwa hiyo kupotea si rahisi. Kujiaibisha ni rahisi.

Kabla ya kuondoka, kiongozi hutoa mawaidha, na yangu siku hiyo yalikuwa ya kupigiwa mfano. Niliwaambia kwamba mvua zikianza siafu hutoka kwa wingi, hasa penye kivuli na majani makavu yaliyolowa. Niliwaambia waingize miguu ya suruali ndani ya soksi, na soksi ziwe ndefu za rangi nyepesi. Siafu akipandia nje ya nguo nyeupe unamwona na kumpangusa. Akipandia ndani, habari zake utazipata akishafika. Niliwafundisha pia kanuni ya hesabu tatu: ukisimama, tazama chini, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo uinue darubini. Mtoto mmoja akaniuliza, "Anko, na wewe mbona soksi zako ni fupi?"

Nikamwambia kiongozi ana uzoefu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa suruali mpya, mtumba safi, ile ya wapanda milima yenye mifuko saba na zipu kuzunguka magoti, ili jua likiwaka uikate iwe kaptura. Suruali kama hiyo huiingizi kwenye soksi. Unataka watu waione yote.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Hondohondo walipita juu, kwarara wakatupigia kelele zao, na mbega mmoja alitutazama kwa dharau kutoka mtini. Ila ndege tuliyekuwa tukimtaka ni shorobe wa Hartlaub. Huyu akitulia kwenye majani ni kijani na bluu, unaweza kusimama chini yake robo saa usimwone. Akiruka, mabawa yanafunguka na ndani ni mekundu, wekundu unaotokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Sauti yake tuliisikia mara mbili, ya kukwaruza, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Kumwona, hapana.

Hapo ndipo kurumbiza alipotokea.

Kurumbiza ni ndege wa vichakani, mwenye tumbo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi na utepe mweupe juu ya jicho. Ni fundi wa kuigiza sauti za ndege wengine, kwa hiyo wengi humsikia bila kujua ni yeye. Huyu wetu alikuwa njiani kabisa, mita sita kutoka kwangu, akirukaruka kwenye majani makavu kana kwamba hatupo. Nilifurahi mno. Nikainua mkono kundi lisimame nyuma yangu, nikapiga hatua tatu mbele, nikainua darubini.

Kuhesabu tatu kulinipita.

Sasa, nikitazama nyuma, ndege mwenye haya akijitokeza mahali peupe na kukupuuza, usijipongeze. Uliza ana shughuli gani. Panzi walikuwa wakiruka kila upande. Mende walikuwa wanatimua mbio mchana kweupe. Buibui mmoja, mpana kama sarafu ya shilingi ishirini, alipita juu ya kiatu changu akiwa na haraka ya mtu anayekimbizwa na mdai. Mimi nikanong'ona, "Mnaona msitu ulivyo na afya?"

Wadudu wale walikuwa wakimbizi. Siafu wakiwinda husukuma kila kilicho hai mbele yao, na kurumbiza hufuata jeshi ili adonoe kinachotoroka. Na mimi, niliyejiita mwenye uzoefu, macho yangu yalikuwa yamezoea kutafuta ule mstari mweusi unaong'aa, wenye askari waliosimama kando huku taya zikiwa wazi. Mstari huo ni wa siafu wanaohama au wanaobeba mawindo nyumbani. Wakiwinda hawaendi kwa mstari. Hutawanyika kama shuka iliyotandikwa chini ya majani, na usipoinama huoni kitu. Nilikuwa nimesimama katikati ya shuka.

Ningeweza kuponea kama si mkia. Kurumbiza wa Rüppell na yule wa Heuglin wanafanana sana, na njia ya kuwatenganisha ni manyoya ya katikati ya mkia: ya Rüppell ni meusi, ya Heuglin ni ya kahawia. Kwa hiyo lazima ndege akugeuzie mgongo. Huyu alikataa. Kila nikisema sasa anageuka, anageuka na mimi, kifua mbele, kama mwanasiasa mbele ya kamera. Nilisimama dakika nne bila kutikisika, nikiwaeleza watu kwa kunong'ona, "Mkia, jamani. Tazameni mkia."

Siafu hana macho. Hafuati njia kwa kuiona, anafuata harufu na kugusa, kwa hiyo mguu wa mtu aliyesimama kimya kwake ni mti tu. Anapanda. Wenzake wanapanda. Watu husema siafu hungoja amri wote wang'ate pamoja. Nionavyo mimi, wa kwanza huumwa na soksi iliyombana, anang'ata, anatoa harufu ya hatari, na kila anayeinusa anafunga taya hapo alipo. Swali la maana ni moja tu: wakati huo wamefika wapi?

Walikuwa wamefika juu ya zipu za magoti.

Nilitoa sauti ambayo mpaka leo kundi halijakubaliana ni ya mnyama gani. Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu hulifanya: nikaanza kurukaruka pale pale. Usifanye hivyo. Ukiwaponda walio chini, harufu yao ni king'ora kwa waliobaki, na kila ukitua unachota wengine. Toka kwanza, mita kumi au zaidi, mpaka penye udongo mtupu usio na majani, ndipo ushughulikie nguo. Hayo yote nayajua. Mwili ulikataa kushauriwa.

"Kijana, kimbia huku!" shosho akapaza sauti. Nikakimbia. Nikashika zipu ya goti la kulia, ikafunguka uzuri, kipande kikatoka. Ya kushoto ikauma kitambaa, ikagoma. Nikawa nusu kaptura, nusu suruali, na siafu wote waliofukuzwa kulia wakahamia kwenye makazi yaliyosalia.

"Wacha aibu, toa yote!" akasema shosho, ambaye amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na hana muda wa kujadiliana na mgonjwa. Nikatoa. Ila nilikuwa sijavua viatu, kwa hiyo suruali ilishuka hadi vifundoni ikakwama, nami nikaenda chini kama gunia la viazi.

Mchungaji, Mungu ambariki, ndiye aliyeokoa heshima yangu. Aligeukia kundi akatanua mikono. "Ndugu zangu, tuelekezeni macho upande ule. Nadhani kuna ndege." Aliyasema kwa huruma tu, hakuwa ameona ndege yeyote. Watu wakageuka wote, watoto kwa shingo upande. Na papo hapo, kutoka kwenye mti ule ule aliouonyesha kubahatisha, shorobe wawili wakaruka, mmoja nyuma ya mwingine, wakakata njia wakiwa wamefungua mabawa yote. Nilisikia watu kumi na saba wakisema "Aaaah!" kwa pamoja. Nilisikia mtoto akipiga kelele, "Mekundu! Mekundu!" Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nikitazama mchanga.

Shosho hakuyajali hayo. Alitoa kwenye mkoba kibanio cha nyusi, akapiga magoti, akaanza kazi, akinifundisha hapo hapo mimi mkufunzi. Siafu hushikwa kichwani, karibu na taya, kisha huvutwa taratibu. Ukimvuta tumbo, kiwiliwili hukatika na kichwa hubaki kimefunga taya kwenye ngozi, kama vile hakijapata habari. Zamani, akaniambia, watu walifunga vidonda kwa vichwa hivyo hivyo badala ya uzi. Nikamwambia wangu nisingependa vibaki. "Basi tulia," akasema. Alitoa arobaini na tatu. Najua kwa sababu mmoja wa watoto alikataa kuendelea kutazama shorobe, akasimama kando akihesabu kwa sauti, Kiswahili sanifu kabisa.

Baadaye dawa ilikuwa maji baridi na sabuni kwenye choo cha langoni, na kujizuia kujikuna. Kwa mtu asiye na mzio, vidonda vile hupona vyenyewe, mradi asivichokonoe kwa kucha chafu.

Suruali ikakung'utwa na kutundikwa tawini. Shosho alinipa leso yake nijifunge, na njia yote ya kurudi niliongoza kundi nikiwa mbele, maandishi yakiwa nyuma, watu wakiyasoma: SINA SIRI NINA JIBU.

Langoni tulipanga orodha ya siku kama kawaida. Shorobe, wawili, walioonwa na wote isipokuwa kiongozi. Mwandishi wetu alipofika kwa kurumbiza akainua kalamu. "Tuandike wa Rüppell au wa Heuglin? Nani aliona mkia?"

Kimya. Kisha shosho, akikunja kibanio chake kwenye kitambaa: "Mkia tuliouona, kijana, haumo kitabuni."

Tuliandika "kurumbiza" tu, na alama ya kuuliza mbele yake.

Nilivaa suruali, nikarudisha leso, nikapanda matatu. Shosho alikuwa ameniambia niigeuze nje ndani nikague kila mshono, hasa ule wa kiunoni, kwa sababu siafu aliyepoteza wenzake hujibanza penye joto na kutulia. Nilimwitikia ndiyo, shosho. Sikuigeuza. Nilikuwa nimeshageuzwa vya kutosha kwa siku moja.

Wa arobaini na nne aliamka tulipokuwa katikati ya Parklands. Nilisimama ghafla, mkono kiunoni, mdomo wazi. Kondakta, kwa weledi wa kazi yake, akagonga paa mara mbili.

"Shukisha huyo!"

Matatu ikasimama, mlango ukafunguliwa, abiria wakajisogeza kunipisha. Nikashuka, vituo vitatu kabla ya kwangu, nikitafuta kichaka.