Beki Proudfoot na pointi moja ya pembeni

Eti Bill Proudfoot, beki wa zamani wa klabu ya Collingwood ya Melbourne kwenye kandanda ya Australia (si soka, ni mchezo wao wenyewe wa kupiga na kudaka mpira), alitamba kwa sababu ya mwili mkubwa tu? Hapo mwandishi aliyedai hivyo kateleza. Jamaa alianza na klabu ilipoanzishwa mwaka 1892, akacheza mpaka 1906, na katikati hapo sheria ikambadilikia. Kabla ya 1897, mpira ukipita pembeni, kati ya mlingoti mrefu wa goli na ule mfupi wa kando yake, haukuingia kwenye matokeo. Beki akibanwa anausukumia huko, roho kwatu. Ligi mpya ya jimbo la Victoria ilipoanza mwaka huo, goli likawa pointi 6 na ule wa pembeni pointi 1, kwa hiyo ujanja uleule ukawa na bei. Mimi niliwahi kuchezeshwa nyuma na vijana wa mtaani kule Melbourne: mpira wenyewe kama yai, ukidunda hujui unaelekea wapi, na mtu anakukwea mgongoni audake juu, refa anapeta! Kilo peke yake hazisaidii. Halafu Proudfoot alikuwa polisi. Wakubwa walipokataza askari kucheza, akaingia uwanjani kwa jina la bandia. Kwa umbo lile, kweli kuna shabiki ambaye hakumtambua?