Wilhelmstal au Lushoto: jina la mahali katika kumbukumbu za ukoo

Anayeandika historia ya ukoo wake hapa Tanga hakawii kukutana na swali hili: mahali alipozaliwa au kuzikwa mtu paandikwe kwa jina la wakati ule, au kwa jina linalojulikana leo? Wapo wanaoshikilia jina la zamani kwa sababu ndilo lililomo katika hati. Wapo pia wanaosema kwamba kumbukumbu za ukoo huandikiwa wajukuu, na mjukuu aliyeachiwa jina lisilotumika tena hataweza kupaona mahali hapo kwenye ramani yoyote. Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa hoja za upande wa pili zina uzito kuliko unavyokubaliwa na wengi wetu tunaopenda nyaraka.

Kijana aliyelelewa ng'ambo akisoma kwamba babu wa babu yake alibatizwa Hohenfriedeberg, atadhani ukoo wake ulipitia Ujerumani, kumbe ni Mlalo, kwenye milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo chao mwaka 1891. Programu za kutunzia nasaba nazo mara nyingi hutoa nafasi moja tu ya mahali, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiandikwa Wilhelmstal, jina la Lushoto wakati wa Wajerumani, na mwenzake Lushoto, wataonekana kama watu wa miji miwili.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya heshima. Wilhelmstal ni jina lililoletwa na watawala, likimtukuza mfalme wao. Mama wa Kishambaa aliyejifungua huko mwaka 1905 hakuwa na sababu ya kuwaambia jirani zake kwamba amezalia Wilhelmstal, na kuliandika jina hilo peke yake, kwa kuwa ndilo lililokuwa la serikali, ni kumruhusu karani wa boma amsemee mama huyo. Nalikubali hilo bila kusita. Hata hivyo, linachothibitisha ni kwamba mahali pamoja paliweza kuwa na majina mawili kwa wakati mmoja, la ofisini na la nyumbani, na kwamba mwandishi anapaswa kuyataja yote mawili na kueleza nani alitumia lipi. Halimpi ruhusa ya kulifuta lolote.

Hatari kubwa ya kuandika jina la leo peke yake ni kwamba kulibadili jina la zamani ni kulifasiri, na anayefasiri anaweza kukosea bila mtu yeyote kugundua. Chukua neno Usagara katika karatasi ya zamani. Mtu wa Tanga mjini atafikiria moja kwa moja kata yake ya Usagara, lakini Usagara ni pia nchi ya Wasagara, huko bara upande wa Kilosa, na ndiyo inayotajwa katika mikataba ya Carl Peters ya mwaka 1884. Au chukua familia za manamba waliokuja kukata mkonge, ambao baadhi yao waliandikwa kwamba kwao ni Ruanda-Urundi. Nchi hiyo iligawanyika mwaka 1962 ikawa Rwanda na Burundi. Anayetaka kuandika jina la leo hana budi kuchagua moja, na kama hana ushahidi mwingine, anabahatisha asili ya ukoo mzima.

Mipaka ya wilaya huleta taabu ya namna hiyo hiyo, ila ndogo. Mzee aliyezaliwa Songe mwaka 1950 alizaliwa Wilaya ya Handeni, na hati zake zitasema hivyo, ijapokuwa Songe leo ni makao makuu ya Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jina la dola nalo lina kazi yake, kwa kuwa ndilo linalomwelekeza mtafiti nyaraka zilipo. Aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1870 alizaliwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na huenda habari za watu wake zikapatikana katika nyaraka zilizohifadhiwa Unguja; aliyezaliwa Tanga mwaka 1910 alizaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo majalada yake yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ukiwaandika wote wawili kwamba walizaliwa Tanzania, nchi iliyopatikana mwaka 1964, umemnyima atakayekuja baada yako dalili hiyo.

Kwa hiyo naona jina litangulie kama lilivyo katika hati au kama alivyolitamka mzee, kwa tahajia yake hata kama ni Useguha badala ya Uzigua, kisha lifuatwe na jina la leo pamoja na maelezo mafupi ya msingi wa kuyalinganisha. Mahali pekee ambapo ningetanguliza jina la leo ni katika karatasi za mirathi na mashauri ya ardhi, kwa sababu huko anayesoma anahitaji kujua mali iko wapi sasa.

Kuna majina, hata hivyo, ambayo hayamo katika hati yoyote. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 watu walihamishwa kutoka vitongoji vyao na kukusanywa katika vijiji vipya, na vitongoji vingi vikabaki mahame. Mtoto aliyezaliwa katika kitongoji cha namna hiyo mara nyingi huandikwa leo kwa jina la kijiji ambacho wazazi wake walihamia baadaye, yaani mahali ambapo hakuzaliwa. Hapa mabishano ya jina la zamani na la sasa hayana msaada mpaka kwanza mtu aulize kitongoji kiliitwaje, kilikuwa ng'ambo ipi ya mto, na makaburi ya nani yapo huko. Wanaoweza kujibu kwa yakini ni wale waliokuwa watu wazima wakati wa kuhama, na hao sasa wanakaribia miaka 70 au wameshaipita.