Kumleta mwenzi Uingereza: wengi hukwama kwenye ushahidi

Habari niliyoisoma imesema kipato cha chini anachotakiwa kuwa nacho anayemleta mume au mke Uingereza kilipanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka tangu 11 Aprili 2024, ikaishia hapo. Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Mwenye mshahara wa mwezi aliye kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita hupimwa kwa kiwango cha chini kabisa alicholipwa humo; wa kulipwa kwa saa hupigiwa wastani. Kila hati ya mshahara ilingane na pesa zilizoingia benki, na taarifa ya benki ya karibuni isiwe na zaidi ya siku 28 unapotuma maombi. Mshahara ambao mwenzi anayeletwa anaupata nje ya Uingereza hauhesabiwi, jambo ambalo naliona ni uonevu. Waliopata viza kabla ya tarehe hiyo wanaongeza muda, na mwenzi yuleyule, kwa kiwango cha zamani, wasiogope.