“Hata Sisi Tulitawaliwa” Si Jibu

Tangu nihamie Winnipeg, mji wa mkoa wa Manitoba nchini Kanada, kutoka Morogoro, nimesikia mara nyingi, hata katika sherehe zetu wenyewe, kwamba wenyeji wa asili wa Kanada ni walevi, hawajali afya zao na hawajui kulea. Anayewatetea hujibiwa upesi: hata sisi tulitawaliwa, mbona tumesimama?

Jibu hilo linapuuza yaliyowapata. Kwa zaidi ya miaka mia moja, serikali na makanisa waliwaingiza watoto wapatao 150,000 wa makundi matatu ya wenyeji hao, yaani Mataifa ya Kwanza, Métis (wenye asili ya wenyeji na Wazungu) na Inuit (watu wa kaskazini ya mbali), katika shule za bweni, ambako wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mwaka 1907 Dk. Peter Bryce, mganga wa serikali, alikagua shule za nyanda za magharibi, Manitoba ikiwemo, akaeleza jinsi kifua kikuu kilivyoenea katika mabweni yasiyoingiza hewa, na kwamba katika shule zilizompa takwimu karibu robo ya waliosoma humo walikuwa wamekwisha kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti walifanya majaribio ya lishe katika shule sita bila idhini ya wazazi, na baadhi ya watoto wenye utapiamlo wakaachwa hivyo hivyo ili walinganishwe na wengine. Mtoto aliyekua na njaa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kisukari ukubwani, na mama mwenye kisukari wakati wa ujauzito humwongezea mwanawe hatari hiyo hiyo. Hapa Manitoba kisukari cha aina ya pili kinawapata hata watoto wa shule, wengi wao wa jamii hizo.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, yupo mzee aliyepitia shule hizo, anayekula haraka huku ameizungushia sahani mkono, macho yakiwa mlangoni. Binti yake aliniambia kwamba baba hakuwahi kumkumbatia, na kwamba yeye mwenyewe alipojifungua hakujua ambembeleze vipi mtoto anayelia. Malezi mtu huyapata kwa kulelewa; aliyetengwa na wazazi tangu akiwa na miaka sita angeyapata wapi?

Tanganyika nayo ilikuwa na shule za bweni za mkoloni, lakini waliozisoma walikuwa wachache, darasa za mwanzo zilifundishwa kwa Kiswahili, na likizo ilipofika mwanafunzi alirudi kwa bibi yake, akakuta hadithi, dawa na mashauri ya ukoo vipo palepale. Tulionewa, ila watoto wetu hawakuondolewa nyumbani kwa wingi namna hiyo. Hata hivyo, serikali ya Tanzania ilipozuia mwaka 2023 bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, niliunga mkono bila kusita, ingawa ndugu zangu kadhaa walinung’unika. Mtoto wa miaka mitano anamhitaji mzazi wake jioni.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza habari za shule za bweni, ilizitaka serikali mwaka 2015 zikiri kwamba hali ya sasa ya afya ya wenyeji ni matokeo ya moja kwa moja ya sera zao, shule hizo zikiwemo. Tangu 2021 kiapo cha uraia kinatutaka tutambue haki za wenyeji hao. Naomba vyama vyetu vinavyowaandaa wageni kwa mtihani wa uraia viifundishe historia hii kwa kirefu, kabla mgeni hajayabeba maneno ya mtaani.