Kiti cha Freddie na Alama ya Kujumlisha

Ukikulia Mji Mkongwe, wageni watakuuliza njia ya kwenda Ngome Kongwe, kisha watakuuliza iliko nyumba ya Freddie Mercury. Nimewaelekeza watu Shangani tangu nikiwa mtoto, kabla sijajua huyo mtu ni nani. Baadaye ndiyo nikajua: Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, baba yake mshika fedha wa Mahakama Kuu. Akiwa na miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na mwaka 1964 familia nzima ikahamia Uingereza. Siku niliyousikia ule wimbo mrefu wa mwaka 1975 wa Queen, bendi ya Uingereza ambayo Freddie alikuwa mwimbaji wake, katikati ya vishindo vya opera likatoka neno "Bismillah", nikabaki nimesimama. Neno tunalolitanguliza kabla ya kila tonge, limefikaje kwenye roki ya Waingereza? Tokea hapo nikawa shabiki, na ugomvi wa mashabiki wa Queen nikawa naufuatilia kama mtu anavyofuatilia kesi ya mirathi ya ukoo wake.

Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mwaka 2008.

Nianze nyuma kidogo, kwa ajili ya walio wadogo. Freddie alitangaza kwamba anaumwa UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, akafariki siku ya pili yake. Mwaka 1995 wenzake watatu wakatoa Made in Heaven, albamu iliyojengwa juu ya sauti alizowaachia, ikashika namba moja Uingereza, na wengi tukaona hapo kitabu kimefungwa. John Deacon, mpiga besi, alikifunga chake kweli: mwishoni mwa miaka ya 1990 alistaafu, akarudi nyumbani kwake kuishi kimya. Wakabaki Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa dramu. Mwaka 2005 hawa wawili wakaingia ziarani na Paul Rodgers, mtu wa Middlesbrough aliyejulikana zamani kwa kuimba katika bendi za Free na Bad Company, sauti ya bluzi, nzito, yenye mikwaruzo. Wakajiita Queen + Paul Rodgers. Septemba 2008 ikatoka The Cosmos Rocks, albamu ya kwanza mpya yenye jina la Queen baada ya miaka 13, pamoja na ziara iliyoanzia Ukraine na kumalizikia Rio de Janeiro.

Wao wenyewe walisema tangu mwanzo kwamba Rodgers hachukui nafasi ya Freddie. Ile alama ya kujumlisha iliwekwa makusudi, iseme kuna bendi na kuna mgeni wa heshima. Mashabiki wengi hawakuiona alama. Waliliona jina.

Nakumbuka maneno yalivyoruka. Wapo waliosema Queen ilizikwa pamoja na Freddie, na mtu hafufui maiti kwa kubadilisha sauti. Wapo waliohesabu vichwa: walikuwa wanne, mmoja kafa, mmoja kajitoa, basi nusu ya bendi inabebaje jina zima? Wapo walioudhika kwamba wamenunua tiketi ya Queen wakajikuta wanasikilizishwa nyimbo za Bad Company. Upande wa pili walikuwapo vijana waliozaliwa wakati Freddie anaumwa au ameshakufa, ambao hawakuwahi hata siku moja kulisikia lile gitaa la Brian May likilia mbele yao, na wao walisema wazi: tuacheni twende. Na mashabiki wa Rodgers nao walikuwa na uchungu wao, kwamba mwimbaji mkubwa anapimwa kila usiku kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mimi nilikuwa upande wa waliokasirika. Nilisema, na niliamini, kwamba watu wazima wawili, May akiwa na miaka 61 na Taylor 59, wanauza jina la marehemu wetu. Nilisema "wetu" kama Mzanzibari.

Aliyenitikisa ni mtoto wa ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Ziara ilipita kule Novemba 2008, akaenda. Usiku ule ule akanipigia. "Ndugu yangu," akanambia, "usihukumu ngoma hujaiona." Akanieleza jinsi Brian May alivyokaa peke yake mbele na gitaa kavu, akaanza kuimba ule wimbo wa mapenzi ambao Freddie alikuwa akiwaachia watu wauimbe, na watu wakaimba. Akanieleza jinsi Freddie alivyotokea kwenye skrini, katika picha za onyesho la uwanja wa Wembley, London, la mwaka 1986, bendi ikimpigia, na Rodgers akajitokeza mwishoni tu kuumalizia wimbo. Hakukuwa na mtu aliyekikalia kile kiti, akasema. Walikiacha wazi, wakakizunguka.

Nikaanza kujiuliza ni wapi nilijifunza kwamba bendi hufa na mwimbaji wake. Si kwetu. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarabu, ilianzishwa mwaka 1905, na waasisi wake wote wameshatangulia mbele ya haki, lakini hakuna aliyewahi kusimama ukumbini akadai jina libadilishwe. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake alizibeba Bi Kidude mpaka akazeeka nazo, hadi mwaka 2013 alipofariki yeye. Nani alimwambia Bi Kidude anyamaze kwa sababu sauti yake si ya Siti? Kwenye taarabu mtu huinuka na noti mkononi akaenda kutunza kwa sababu ubeti umemgusa yeye, usiku huo, kwa mambo yake. Hamtunzi aliyeimba mara ya kwanza.

Tena katika Queen hoja ya kwamba nyimbo zilikuwa mali ya Freddie peke yake haisimami. Wale wanne wote walikuwa watunzi. We Will Rock You ni ya May, Radio Ga Ga ni ya Taylor, Another One Bites the Dust ni ya yule Deacon mkimya. Mtu akipanda jukwaani kupiga wimbo alioutunga mwenyewe, utamwita mwizi wa nini?

Kwa hiyo kuhusu ziara nilibadilika moja kwa moja, na mpaka leo sijarudi nyuma. Albamu ni jambo jingine, na hapa naona waliokasirika walikuwa na haki kubwa kuliko walivyopewa wakati ule.

Wimbo wa zamani ukipigwa jukwaani, nusu ya kazi inafanywa na kumbukumbu ya msikilizaji. Mwimbaji akipungukiwa, uwanja unajaza. Wimbo mpya hauna wa kuujazia. Umekuja na jina tu, na jina Queen lilikuwa limetuahidi kitu maalumu: wimbo unaoanza kama dua, ukageuka vita, ukaishia kama bembelezo la mtoto, na zile sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka mpaka unadhani ni kwaya ya watu mia. The Cosmos Rocks haina hayo kwa wingi. Ina roki safi, iliyonyooka, iliyopigwa na watu wanaojua kazi yao, May na Rodgers wakigawana besi kwa kuwa Deacon hayupo. Nyimbo kadhaa ungeziweka ndani ya albamu ya Bad Company zisingejulikana kama ni wageni. Hata jina lenyewe, lenye hilo neno Cosmos, yaani ulimwengu wa nyota, nalipenda zaidi ya muziki, nikikumbuka kwamba May alikuwa ametoka kuipata shahada yake ya udaktari wa elimu ya anga mwaka mmoja tu kabla. Uingereza ilifika namba 5, na wengi tuliokuwa na kaseti na CD zote za Queen hatukuirudia sana. Laiti wangeitoa kwa majina yao matatu, May, Taylor na Rodgers, naamini watu wale wale wangeipokea kwa mikono miwili. Jina ndilo lililoielemea.

Ila kuna wimbo wa 12.

Mtoto wa ami aliniletea CD hiyo aliporudi likizo, na akanitaka niuanze huo. Unaitwa Say It's Not True. Roger Taylor aliutunga kwa ajili ya 46664, kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI iliyochukua namba yake ya mfungwa wa kisiwa cha Robben, na ulisikika kwanza kwenye tamasha la Cape Town la Novemba 2003. Ni maneno ya mtu aliyekwishapewa jibu lake na anaomba aambiwe si kweli. Kwenye albamu wanaupokezana: Taylor anaanza taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtu, May anapokea kwa ile sauti yake nyembamba, halafu Rodgers anaingia na dramu zote, na hapo ile mikwaruzo yake ambayo tulikuwa tukiilaumu inakuwa ndiyo sauti pekee inayofaa. Freddie asingeuimba hivyo. Freddie angeupamba. Huu haukutaka pambo.

Kwetu ugonjwa huo tuliuzika bila jina. Ami yangu alifariki mwaka 1998, na waliokuja matangani waliambiwa kifua. Wengine wakaambiwa malaria ilimpanda kichwani. Nilikuwa mtu mzima wa kutosha kuelewa na mdogo wa kutosha kutouliza. Mtoto wake, yeye huyu aliyenipigia kutoka Dubai, hakuwahi kusema kitu, nami sikuwahi kumchokonoa. Aliponambia nianze na wimbo wa 12, niliuanza, nikausikiliza mpaka mwisho, na wala sikumwambia nimeelewa.

Ndiyo maana nasema mashabiki tuliipima albamu ile kwa kipimo kimoja tu, cha sauti. Tuliuliza nani anaimba mahali pa Freddie, hatukuuliza wanaimba nini. Ziara yenyewe ilifunguliwa tarehe 12 Septemba 2008 katika Uwanja wa Uhuru mjini Kharkiv, onyesho la bure la kuwahimiza vijana wa Ukraine wajikinge na virusi vya UKIMWI, na zaidi ya watu 350,000 walijaa. Rafiki wa marehemu wanakwenda kusimama mbele ya watoto wa watu na kusema juu ya maradhi yaliyomwondoa. Ukinambia hapo jina la Queen lilitumiwa vibaya, sitakubaliana nawe kabisa.

Mwaka 2009 wakaachana na Rodgers kwa amani. Baadaye May na Taylor wakaanza kuzunguka na Adam Lambert, mwimbaji wa Kimarekani, na kwa miaka yote waliyozunguka naye wakabaki kwenye nyimbo za zamani, hawakukaa studio kutengeneza albamu kama ile. Sijui kama ni sisi tuliowafundisha au walijifunza wenyewe, lakini naona walichagua sawa. Oktoba 2022 walipoutoa Face It Alone, wimbo uliokuwa umelala tangu enzi za kurekodi The Miracle, albamu yao ya mwaka 1989, sauti ni ya Freddie mwenyewe, hakukuwa na ugomvi. Watu walilia tu.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2022, kombora lilipiga Uwanja wa Uhuru wa Kharkiv. Mwezi uliofuata bendi ikalionyesha upya onyesho la 2008 kwenye YouTube, kuchangia wakimbizi wa Ukraine kupitia UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mtoto wa ami alikuwa amesharudi Unguja kwa moja. Alikuja kwangu baada ya isha, tukaweka simu juu ya meza, tukaegemeza kwenye birika la kahawa. Kamera ilikuwa ikipita juu ya zile nyuso, wasichana wamebebwa mabegani, bendera, mikono. Tulijaribu kuhesabu wangekuwa na umri gani sasa.

Ukafika ule wimbo. Taylor akaanza.

"Mzee alikuwa na UKIMWI," akasema, macho yake kwenye simu.

Miaka 24 ilikuwa imepita. Nikamwambia, "Najua." Akaitikia kwa kichwa, May akapokea ubeti wa pili, tukaendelea kuangalia.