Rovu la mama mkubwa na ndoto ya mpwa wangu

Mama mkubwa hufunga kanga shingoni hata jua la saa saba likiwaka. Utotoni, kule Ujiji, tulidhani ni urembo wake. Siku moja anatwanga muhogo, kanga ikadondoka. Rovu tukaliona, limekaa chini ya koo kama embe dogo, likipanda na kushuka kila akimeza mate. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, anataka kuwa daktari wa homoni. Baba yake nusura aangushe kikombe. "Miaka 5 ya udaktari, mmoja wa mazoezi, kisha ubingwa, kisha ubingwa bobezi, urudi Kigoma kutibu nini? Watu wanaumwa malaria hapa!"

Shemeji namheshimu, ila kwa hili kakosea, na ushahidi uko jikoni kwake.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto (iodini). Ikiyakosa, hutanuka ili inase hata yale machache yaliyopo. Hayo tumefundishwa tangu shule ya msingi. Lakini miaka ya 1960 daktari Mbelgiji, François Delange, alikwenda kufanya utafiti kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo, akakuta kitendawili. Kaskazini mwa kisiwa marovu yamejaa, kusini-magharibi ni machache, na madini joto ni haba kote kote. Jibu likapatikana kwenye chakula. Muhogo usiotolewa sumu vizuri humwachia mlaji sayanidi. Mwili huigeuza kuwa thiosayaneti, na hiyo ndiyo huizuia tezi isivute madini joto. Delange hakuiacha kazi hiyo. Miaka mingi baadaye alikuwa mtendaji mkuu wa baraza la kimataifa la kupambana na upungufu wa madini joto.

Na maji ya Kivu hushuka kwa Mto Ruzizi hadi kwenye ziwa letu hili la Tanganyika. Ugali wetu na wao ni mmoja.

Halafu mtu aniambie hapa hakuna kazi! Uvinza, mkoani kwetu, watu wamechemsha chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Sokoni chumvi tunapimiwa kwa kopo kutoka gunia lililoachwa wazi, na madini joto yaliyotiwa kwenye chumvi hupungua ikipigwa na unyevu. Dagaa wetu, pamoja na utamu wao wote, ni wa maji baridi. Usiwategemee kwa madini joto kama samaki wa bahari. Mimi namtaka mtafiti atakayeyapima yote haya nyumba kwa nyumba, tena anayejua sombe (kisamvu chetu) ni nini bila kutafsiriwa. (Si kila rovu ni la muhogo, jamani. Ukiona uvimbe shingoni, nenda hospitali, usikae unasoma maoni yangu.)

Jumapili mpwa alikwenda kwa mama mkubwa na daftari.

"Shikamoo bibi. Muhogo unauloweka siku ngapi?"

"Marahaba. Siku tatu." Akanyamaza, akarekebisha kanga yake. "Unga ukiisha ndani, hata moja."

Akaandika yote mawili.